Barua pepe feki za malipo tusizifute kimyakimya, turipoti

Mhariri salaam,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na watu wa Kusini wenzangu, hasa wale wanaolipia vitu kwa mtandao, maana kuna jambo linaendelea huku na naona tunalinyamazia. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" siku hizi hata bibi zetu kule Nanyamba na Newala wanazijua, ikiingia wanacheka, wanafuta, au wanampa mjukuu aitume 15040, ile namba ya kuripoti meseji za utapeli ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na yanaishia hapo. Lakini ikija barua pepe, ina nembo, ina Kiingereza kilichonyooka, inasema imetoka PayPal au kampuni nyingine ya malipo, mtu yuleyule aliyekuwa anacheka meseji anakaa sawasawa na kuanza kufanya anachoambiwa. Barua pepe kwetu bado tunaiona ni kitu cha ofisini, kitu cha wakubwa, ndo maana tunaiamini haraka. Na hapohapo ndipo wanapotupatia.

Mimi nina steshenari hapa Vigaeni, Mtwara mjini. Kazi yangu ni kutoa kopi, kuprinti, kuwafungulia watu imeli, kujaza maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira, kwahiyo barua za watu nazisoma kila siku, wengine wananipa simu wenyewe wakisema "kaka hebu nisomee hii wanasemaje". Na hizi feki nazikuta sana, kwa wafanyabiashara wanaoagiza mizigo nje kwa kadi, kwa vijana wanaolipia matangazo na programu za kudizaini, kwa watu wa lodge kule Mikindani wanaopokea wageni wa kupiga mbizi. Hawa wote wana kadi ya benki iliyounganishwa na akaunti ya mtandaoni, yani tapeli akiingia kwenye akaunti ameshaingia kwenye hela.

Nitoe mfano mmoja watu waone inavyokuwa. Kuna dada anauza vifaa vya simu hapa mjini, makava, chaja, vioo, anaagiza mwenyewe nje. Alikuja amekunja uso, akaniambia "kaka wamenifungia akaunti na mzigo wangu bado haujalipiwa wote, wamenipa masaa 24". Nikamwambia dada usibonyeze kwanza, lete tuangalie. Barua yenyewe ilikuwa nzuri kwa macho, nembo juu, rangi zenyewe, chini kuna kitufe cha bluu cha kuingia kwenye akaunti. Inaanza na "Dear Customer". Nikamuuliza, wewe kwenye akaunti yako umejiandikisha kwa jina gani, akanitajia majina yake mawili. Nikamwambia basi hao jamaa wana jina lako, wakikuandikia wanakuita kwa jina lako, sio mpendwa mteja. Hiyo ni alama ya kwanza, ingawa naomba ieleweke vizuri, barua isiyo na jina lako ni ya kushuku, lakini yenye jina lako haimaanishi ni ya kweli, maana majina yetu yameshavuja sehemu nyingi na tapeli anaweza kuwa nalo.

Alafu tukagusa pale juu kwenye jina la mtumaji. Hapa ndo wengi hawajui, kwenye simu unachokiona ni jina tu, na jina mtu anaweza kujiandika lolote, hata mimi kesho naweza kujiita Benki Kuu. Ukigusa kile kimshale kidogo pembeni ya jina inafunguka anuani yenyewe, na ya yule dada ilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu usioeleweka, haihusiani na kampuni yoyote ya malipo. Tukaenda kwenye kitufe cha bluu, nikamwambia kibonyeze ukishikilie usiachie, usikibonyeze mara moja, ikatokea anuani ya kule kinakopeleka. Naye akaniambia "si hii hapa imeandikwa paypal". Kweli ilikuwa imeandikwa, mwanzoni. Ila anuani za mtandao ukitaka kujua mwenyewe ni nani huangalii mwanzo, unatafuta ule mkwaju (/) wa kwanza unaokuja baada ya jina la tovuti alafu unarudi nyuma. Nitoe mfano wa kubuni, ikiwa imeandikwa paypal.com.hakiki-sasa.xyz/ingia, basi mwenye tovuti ni hakiki-sasa.xyz, hayo maneno ya mbele ni pambo tu ambalo mtu yeyote anaweza kujiwekea. Na kuna wanaobadilisha herufi, wanaweka tarakimu 1 badala ya l, au I kubwa badala ya l ndogo, kwa simu zetu hizi zenye skrini zilizopasuka mtu huwezi kuona tofauti.

Wapo wanaosema angalia ile kufuli kwenye brauza, ikiwepo ni salama. Jamani hapana. Kufuli maana yake ni kwamba mazungumzo kati yako na ile tovuti yamefungwa mtu wa katikati asisikilize, haikwambii kwamba huyo unayeongea naye ni mtu mwema. Vyeti vya kuweka hiyo kufuli vinapatikana bure kabisa, toka 2015 kuna huduma ya Let's Encrypt inavitoa bila malipo kwa tovuti yoyote, ni kitu kizuri kwa wenye tovuti lakini na matapeli nao wanavichukua kama wengine.

Na ushauri mwingine tunaousoma wa kutoka nje ni eti angalia makosa ya Kiingereza, barua feki ina makosa. Huo ushauri kwetu haukuwahi kusaidia. Mtu aliyemaliza darasa la saba Tandahimba atajuaje kwamba sentensi ya Kiingereza imekaa vibaya, na hata mwenye digrii haponi kwa sababu siku hizi hizo barua zinaandikwa na programu za kompyuta, Kiingereza safi, na Kiswahili pia wanajua. Kwahiyo tusipime kwa lugha. Tupime kwa wanachokitaka, maana hapo hawawezi kujificha, wote lazima wakufikishe mahali pamoja, uandike paswedi, au namba za kadi, au ile namba ya siri inayokuja kwa meseji, au ufungue faili walilobandika, au upige simu yao. Na lazima wakuharakishe. Wanaweka muda, wanaweka vitisho, akaunti itafungwa, hela itarudi, umekatwa kiasi fulani, ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu.

Dawa yake ni nyepesi, ile barua iache ilivyo, usipite njia waliyokuchorea. Fungua programu ya kampuni mwenyewe kwenye simu, au andika anuani kwa mkono wako kwenye brauza, ingia. Kama kuna shida ya kweli utaikuta humo ndani. Yule dada tulifanya hivyo, akaunti yake ilikuwa nzima, haikuwa imeguswa na mtu.

Sasa hapa ndipo napotaka kusemea zaidi. Alivyoona akaunti nzima alishukuru, akataka kuifuta ile barua aondoke zake. Wote wanafanya hivyo. Hiyo ni sawa na kumfukuza mwizi mlangoni kwako usiku wa manane alafu ukarudi kulala bila kupiga yowe, wakati kwa jirani mlango wenyewe ni wa mabati. Barua ileile imetumwa kwa maelfu ya watu, na miongoni mwao kuna mama mmoja Ruangwa au kijana mmoja Kilwa ambaye hana steshenari ya kuulizia. Ukiifuta umejiokoa wewe, yeye bado imemkalia kwenye simu inamsubiri.

Nikamwambia dada tuitume kwanza. Kwa zile zinazojifanya PayPal anuani ya kupeleka ni phishing@paypal.com, unaifowadi ile barua yenyewe nzima bila kubadilisha kichwa chake cha habari wala kuongeza maneno yako, alafu ndo unaifuta. Ni kitendo kidogo, hakichukui hata bando. Na sio picha ya skrini tafadhali. Watu wengi wanapiga skrini shoti wanatuma kwenye magrupu ya WhatsApp wakidhani wameripoti, picha haina ile linki iliyofichwa nyuma ya kitufe wala haina yale maelezo ya ndani yanayoonyesha barua ilipitia mitambo gani, na hivyo ndo vitu wanaoshughulika navyo wanavihitaji. Kwa sehemu zinazokubali kiambatisho, ukiwa kwenye kompyuta ni bora uifowadi hivyo, hapo maelezo yote yanabaki. Kampuni nyingine nyingi za malipo na mabenki nao wana anuani yao ya namna hiyo, unaitafuta kwenye tovuti yao rasmi, sio ndani ya ile barua.

Kitu cha pili, kwenye Gmail, ambayo ndo wengi wetu tunaitumia, ukiifungua barua kwenye kompyuta kuna vidoti vitatu pembeni, ukibonyeza unakuta sehemu ya kuripoti ulaghai. Bonyeza hapo. Mashine zao zinajifunza kwa hizo ripoti, barua zinazofanana na hiyo zinaanza kuzuiwa kabla hazijafika kwa watu. Na ile tovuti feki yenyewe nayo inaripotiwa, Google wana orodha yao ya tovuti hatari ambayo brauza kama Chrome, Firefox na Safari zinaiangalia, tovuti ikishaingia kwenye hiyo orodha mtu akibonyeza linki anakutana na ukurasa mwekundu unamwambia rudi. Kuna pia kundi la kimataifa linaitwa APWG, lipo toka 2003, linakusanya barua hizi kutoka dunia nzima, anuani yao ni reportphishing@apwg.org, hapo unaweza kutuma ya kampuni yoyote. Kinachotakiwa ni haraka, kwa sababu hizi kurasa feki hazikai sana, zinafunguliwa zinakusanya paswedi za watu alafu zinahamishwa, kwahiyo ripoti ya leo asubuhi ina thamani kuliko ya wiki ijayo.

Najua mtu atasema mimi wa Mtwara niandike barua Marekani nani ataisoma. Inasomwa na mitambo kwanza, haiangalii umetokea wapi wala umeandika Kiingereza gani, kwa sababu hujaandika kitu, umefowadi tu. Hilo neno "sisi ni wadogo" ndo linatufanya tuwe mtaji wa matapeli.

Kuna aina nyingine mbaya zaidi nataka watu wa lodge na wenye biashara waisikie, maana zile alama za anuani na linki nilizotaja juu hazifanyi kazi kwake. Hii barua inatoka kweli kwenye kampuni ya malipo. Anuani ni yao, linki ni zao, kila kitu ni halali. Tapeli anachofanya anafungua akaunti pale PayPal kama mtu yeyote, anatumia huduma yao halali ya kutuma ankara ya kudai malipo, na kwenye ile sehemu ya maelezo anaandika uongo wake, kwamba umekatwa dola 499 kwa kununua kitu fulani, kama sio wewe piga namba hii haraka. Mfumo wenyewe ndo unakuletea hiyo barua. Dada mmoja anayeshika vitabu vya lodge Mikindani ilimfika, alikuwa ameshanunua vocha ya kupigia hiyo namba ya nje, bahati nzuri akapitia kwangu kuprinti mambo ya wageni akanionyesha. Ukipiga wanakupokea vizuri kabisa, wana adabu, wanakwambia pakua programu fulani tukusaidie kurudisha hela, na hiyo programu ndo inawapa kuiona na kuiendesha simu yako au kompyuta yako wakiwa hukohuko walipo. Ankara sio makato. Mtu kukuandikia anakudai haina maana hela imetoka, ingia mwenyewe kwenye akaunti utaona haijatoka hata shilingi, usiilipe, iripoti na uikatae humohumo ndani, na namba ya simu iliyoandikwa kwenye maelezo usiipige kamwe. Ukitaka kuongea na benki yako piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi.

Wenzangu wenye steshenari na nyie nawaomba kitu. Tunawafungulia wazee wetu imeli kwa ajili ya mambo ya NIDA, ya mikopo ya watoto, ya ajira, paswedi tunawaandikia wenyewe, unakuta daftari limejaa paswedi za mtaa mzima na lipo mezani karibu na mashine ya kopi kila mteja anaona, wengine wanaweka paswedi moja kwa kila mtu, alafu namba ya simu ya kurejeshea wanaweka ya duka. Siku tapeli akipata hiyo moja ameshapata za watu wangapi? Na mwenye imeli siku akiibiwa hawezi kuirudisha kwa sababu namba sio yake. Mteja aandike paswedi mwenyewe kwa mkono wake, hata kama itachukua muda, na namba iwe ya laini yake iliyosajiliwa kwa jina lake, asiyejua laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chake apige *106# ataziona. Na tumuwekee ule uhakiki wa hatua mbili, kwamba hata mtu akijua paswedi bado inahitajika namba ya kwenye simu. Alafu tumwambie ile namba ya siri hasomewi mtu yeyote, hata sisi.

Nasema haya mapema kwa sababu ya msimu. Korosho minada ikianza Oktoba hela za wakulima zinaingia benki, na ufuta kule Lindi nao vilevile kabla ya hapo, na kila mtu nchi hii anajua kwamba Kusini wakati huo kuna hela. Matapeli wa meseji wanajua kalenda yetu kuliko sisi wenyewe. Wakulima wengi sasa wana watoto wenye simu janja na benki nazo zinapeleka taarifa kwa imeli, mimi sioni kitu kitakachowazuia hawa watu kuandika barua yenye nembo ya benki ikisema malipo yako ya mnada yamekwama hakiki taarifa zako hapa. Mkulima aliyesubiri malipo yake kwa wiki nzima ataibonyeza hiyo kabla hajamaliza kuisoma.

Aliyekwisha kubonyeza na kuandika taarifa zake asikae na aibu ndani, aibu ndo inawapa muda wa kumaliza hela. Apige benki sasa hivi kadi ifungwe, abadilishe paswedi ya akaunti ya malipo na ya imeli, na kila sehemu alikotumia paswedi ileile. Aangalie pia kwenye mipangilio ya imeli kama hawajaweka barua zake ziende kwa mtu mwingine, wanapenda sana kufanya hivyo ili hata ukibadilisha wao waendelee kusoma. Na kama hela imeondoka aende polisi achukue RB, ile namba ya taarifa yake kituoni, asiambiwe na mtu kwamba mambo ya mtandao hayana kesi, sheria ya makosa ya mtandao ipo toka 2015 na kujifanya mtu mwingine kwa kompyuta ni kosa ndani yake. Ile barua ya tapeli asiifute, huo ndo ushahidi wake.

Kwa upande wa wakubwa nina maombi mawili. TCRA walifanya vizuri na 15040, namba fupi, inaingia kichwani, watu wanaitumia. Kwa barua pepe hatuna kitu kama hicho kinachojulikana mtaani. TZ-CERT ipo chini yao na kazi yake ndo usalama wa mtandao, basi watutangazie anuani yao redioni kwa Kiswahili, kila siku, kama wanavyotangaza mengine, ili bibi wa Nanyamba mjukuu wake ajue pa kutuma. Na vyama vya ushirika, kwenye mikutano ya AMCOS kabla ya minada, mtu apewe dakika chache aonyeshe barua feki moja kwenye karatasi kubwa watu waione kwa macho, hayo maelezo ya mdomo hayakai.

Na wewe Mhariri, gazeti lako linafika mpaka Liwale, ukitenga kipande kidogo kila wiki ukachapa picha ya barua feki moja iliyowafika wasomaji, ukazungushia duara pale penye uongo, utakuwa umesaidia watu wengi. Mimi nipo tayari kukuletea za kuanzia, nikiwa nimefuta majina ya wenyewe, na yeyote wa hapa mjini aliyepata barua anayoitilia shaka apite Vigaeni tuiangalie na kuiripoti pamoja, hiyo sichaji hela.

Msomaji wako,
mwenye steshenari, Vigaeni,
Mtwara